Upepo na daraja kwanza, kilomita baadaye: kuendesha baiskeli kwenye tambarare za mito na ardhi oevu

Mtu akiniambia amepata njia ya kilomita 80 isiyo na kilima hata kimoja, namuuliza kwanza upepo unatoka wapi. Kisha namuuliza madaraja yako wapi. Urefu wa njia nauliza mwisho. Nimeendesha baiskeli ya barabarani kando ya mito na katikati ya matete kwa miaka mingi, na kila safari iliyonishinda ilinishinda kwa upepo au kwa maji. Urefu haujawahi kunishinda. Kwa hiyo maelezo haya nayapanga kwa utaratibu ninaoutumia mwenyewe jioni ya kuamkia safari, ramani ikiwa mezani.

Upepo

Fanya hesabu hii mara moja tu, hutaisahau. Tuseme una nguvu za kwenda kilomita 28 kwa saa pakiwa shwari. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukikujia usoni nawe ukataka kubaki kwenye mwendo ule ule, hewa inakupiga kwa 48. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kinachokuzuia sasa ni karibu mara tatu ya kile cha siku shwari. Miguu haiwezi hilo kwa saa mbili. Utashuka hadi kama 17. Ukigeuza baiskeli, upepo huo huo utakusukuma hadi kama 42, na wengi hudhani hapo deni limelipwa. Halijalipwa, kwa sababu upepo wa mbele unakaa nao muda mrefu na wa mgongoni unauacha upesi. Kilomita 40 za kwenda na 40 za kurudi, siku shwari, ni saa mbili na dakika 50. Siku ya upepo huo ni kama saa tatu na dakika 20, kwa nguvu zile zile.

Ndiyo maana naanza kwa kuukabili. Nusu ya kwanza nakwenda upepo ukiwa usoni, miguu ikiwa mipya na chupa zimejaa, ili nusu ya pili unirudishe. Kuna sababu nyingine ambayo watu huisahau: kwenye nchi iliyo wazi, upepo mara nyingi hulala alfajiri, hupata nguvu kadiri jua linavyopasha ardhi, na huwa mkali mchana. Basi upepo ukiwa bado mchanga, uwe usoni. Ukikomaa, uwe mgongoni. Anayefanya kinyume huondoka asubuhi akijiona ana miguu mizuri kuliko kawaida, kumbe ni upepo mwembamba wa nyuma, halafu saa nane mchana anageuka na kukutana na ukuta.

Kama kuna treni inayopokea baiskeli, kuna njia bora zaidi: panda hadi upande unakotoka upepo, ushuke huko, urudi nao mgongoni mwanzo hadi mwisho. Hakuna aibu yoyote ndani yake. Wanaofuata mto Danube kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, Austria, zaidi ya kilomita 300, wengi wao hufuata maji. Wakiulizwa husema wanateremka. Mteremko wa mto ule ni mdogo mno kwa miguu kuusikia. Kinachowasaidia zaidi ni upepo, ambao huko mara nyingi hutoka magharibi.

Ukisoma utabiri, soma namba mbili: upepo wa kawaida na vishindo vyake. Namba hizo ni za mita 10 juu ya ardhi. Chini, kati ya nyasi, utapata pungufu. Juu ya tuta la mto lililo wazi, yaani ule ukuta wa udongo wa kuzuia mafuriko, utapata karibu zote. Binafsi, vishindo vikitajwa kufika kilomita 50 kwa saa, sipandi juu ya tuta. Naitafuta barabara ya chini, upande wa tuta uliojikinga, hata kama mto hauonekani. Ile hali ya kusikia upepo ukipiga mluzi juu ya kichwa wakati nyasi zilizo kando yako hazitikisiki ni ya kupendeza sana, na mita tatu au nne za udongo zinatosha kukupa hiyo.

Upepo wa ubavu ndio wa hatari. Unaweza kuuegemea kwa kilomita nzima bila shida. Unaangusha unapokatika ghafla. Kwa hiyo angalia mbele mahali utakapokatika au kurudi: mwisho wa mstari wa miti, pembe ya ghala, mwanzo na mwisho wa daraja, na lori linalokupita. Mikono miwili kwenye usukani, chini ukiweza, viwiko vimelegea. Ringi za kina kirefu, zile zenye ukuta mpana ambao upepo huusukuma, ziache nyumbani siku hiyo, hasa ya mbele. Mkiwa kundi, jipangeni mshazari. Upepo ukitoka kushoto, wa pili akae nyuma kidogo na kulia kwa wa kwanza, na wa tatu vivyo hivyo. Lakini mshazari hula upana wa barabara, na barabara za tuta ni nyembamba. Penye magari, wawili watosha, na wengine waanze mshazari wao wenyewe nyuma.

Sehemu moja ya kujifunzia haya yote ni Ouse Washes, mashariki mwa Uingereza. Karne ya 17, mhandisi Mholanzi Cornelius Vermuyden alisimamia uchimbaji wa mifereji miwili iliyonyooka, sambamba, kutoka Earith hadi Denver, kama kilomita 32, na ardhi iliyo kati yake iliachwa makusudi ifurike majira ya baridi. Mifereji hiyo imelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na upepo wa mara kwa mara wa nchi ile hutoka kusini-magharibi. Anayefuata mstari ule anaupata upepo mzima usoni au mzima mgongoni, hakuna katikati. Ukielewa jambo hili kwenye ramani kabla hujatia mguu kwenye pedali, umeshafanya nusu ya kazi.

Maji ndiyo yanayochora njia

Jioni moja nilifika kwenye gati la kivuko kidogo saa kumi na mbili na dakika saba. Kivuko cha mwisho kilikuwa cha saa kumi na mbili kamili. Nilikiona, kimefungwa ng'ambo, kamba yake ikining'inia majini, na nyuma yake nyumba niliyokuwa nimepanga kulala. Hata pazia la dirisha niliona likivutwa. Umbali ulikuwa kama mita 300. Daraja lilikuwa kilomita 17 juu ya mto, kwa hiyo mita hizo 300 zilikuwa kilomita 34, na taa yangu ilikuwa na chaji ya saa moja. Nilifika usiku, mikono ikitetemeka. Tangu siku ile sichori mstari wa njia kwanza. Naweka alama penye sehemu za kuvukia, kisha naziunganisha.

Fanya hivyo hivyo. Chukua ramani, tia nukta kwenye kila daraja, kila kivuko, kila mlango wa maji wenye njia ya watu juu yake. Mara moja utaona umbo la siku yako, kwa sababu kwenye nchi ya mito huwezi kukata kona: ukikosa daraja hili, lile jingine ndilo litakaloamua utalala wapi. Kwa kila kivuko tafuta mambo matatu na uyaandike: chombo cha mwisho ni saa ngapi, kinafanya kazi siku zipi na majira yapi, na kinasimama maji yakifika kiwango gani. La tatu ndilo linalowaumiza watu. Vivuko vingi vidogo husimama maji yakijaa sana, au yakikauka sana, au upepo ukizidi, na siku hizo ndizo barabara za chini nazo huwa zimefurika. Kisha pima umbali wa kuzunguka kwa daraja, uandike pembeni. Ikiwa mzunguko huo huwezi kuumudu jioni, basi kivuko hicho kivuke asubuhi.

Umbali wenyewe usiupime kwa kidole. Mto wa tambarare hupinda, na barabara ya tuta hufuata kila pindi. Vijiji viwili vilivyo kilomita 10 kwa mstari vinaweza kuwa kilomita 16 kwa tuta. Kuna siku nataka mapindi hayo yote, kwa kuwa kila pindi hubadilisha upepo na kunipa dakika chache za kupumzika. Siku nyingine nakata shingo ya pindi kwa barabara ya mashambani. Amua kabla, usiamue umechoka.

Uholanzi na Ubelgiji kuna utaratibu unaofaa kuigwa popote. Ulianzia Limburg ya Ubelgiji mwaka 1995: kila makutano ya njia za baiskeli yana namba, na kibao cha kila makutano kinakuonyesha namba zinazofuata. Unapanga safari yako kama mfuatano wa namba tu, 12, 47, 48, 9, 63. Mimi naziandika kwenye kipande cha karatasi chenye upana wa vidole viwili, nakibandika kwa utepe mpana unaoonyesha ndani juu ya bomba la fremu, karibu na usukani. Naandika kwa penseli, kwa sababu wino hutiririka mvua ikipenya, na penye kivuko nachora mstari na kuandika saa ya mwisho. Mahali pasipo na namba naweka majina ya madaraja. Simu ipo mfukoni kwa dharura, lakini karatasi ile haizimiki na haihitaji kuguswa kwa kidole chenye matope.

Na kama bado hujui uanzie wapi, tumia orodha ya Ramsar. Ni mkataba wa ardhi oevu uliotiwa saini kwenye mji wa Ramsar, Iran, mwaka 1971, na kila nchi mwanachama ina maeneo yake yaliyoorodheshwa. Tafuta lililo karibu nawe, lifungue kwenye picha za setilaiti, kisha fuata kwa macho mistari iliyonyooka kandokando ya maji. Mstari mweusi au wa kijivu uliofanana kote kwa kawaida ni lami. Mweupe ni changarawe au mchanga. Wenye mistari miwili na kijani katikati ni njia ya trekta, usiipeleke baiskeli ya matairi membamba. Tuta la bahari la Camargue, kusini mwa Ufaransa, ni mfano mzuri. Kwenye ramani linavutia, limenyooka kati ya bahari na madimbwi ya chumvi, magari hayaruhusiwi, heroe wako pande zote. Lakini ni changarawe na mchanga, na upepo wa mistral unaposhuka kutoka kaskazini hakuna kitu cha kuuzuia. Nenda na matairi mapana, au zunguka ziwa la Vaccarès kwa barabara ya lami upande wa pili.

Barabara yenyewe

Watu husema tambarare ina barabara laini. Penye udongo mweusi wa mimea iliyooza majini, si kweli. Udongo huo ukikaushwa kwa mifereji hunywea na kuoza, na ardhi hushuka. Huko Holme Fen, Uingereza, nguzo ya chuma ilizamishwa mwaka 1851 hadi kichwa chake kikawa sawa na ardhi. Leo kichwa hicho kiko kama mita 4 juu. Barabara iliyojengwa juu ya udongo wa namna hiyo haishuki yote kwa pamoja: inakuwa na mawimbi, na pembezoni inapasuka kwa urefu, nyufa zinazokwenda sambamba na tairi lako. Ufa wa namna hiyo ukimeza tairi lenye upana wa milimita 23 huna la kufanya. Mimi natumia 32, na upepo pungufu kidogo ndani yake kuliko ningeweka kwenye lami nzuri. Kwenye mawimbi shuka mwendo, nyanyua makalio kidogo, acha baiskeli icheze chini yako. Usishike usukani kwa nguvu.

Kaa mbali na ukingo. Barabara hizi mara nyingi hazina kingo za chuma, na mtaro wa kando unaweza kuwa na kina kuliko urefu wako, kuta zake telezi, matete yakiuficha. Mita moja kutoka ukingoni ni yako; ichukue, hata gari likipiga honi nyuma. Litasubiri.

Mambo mengine ya kuangalia chini: madaraja ya mbao, hasa asubuhi yenye ukungu, na zile nondo za chuma zilizolazwa barabarani kuzuia ng'ombe. Vyote vivuke kwa mstari ulionyooka, bila breki, bila kukanyaga, usukani umetulia. Matope ya trekta kwenye kona ni vile vile: punguza mwendo kabla, upite umenyooka.

Na maji yakiwa juu ya barabara, rudi. Nasema hili kwa uzito wote. Kwenye kijiji cha Welney, kando ya Ouse Washes, barabara ya A1101 hufungwa mara nyingi majira ya baridi kwa sababu ya mafuriko, na kuna wanaojaribu kupita. Maji ya mafuriko hayaonyeshi kilicho chini: kalavati iliyobomoka, shimo, au ukingo wa barabara wenyewe. Maji yanayotembea yakifika kwenye kitovu cha gurudumu yanasukuma ringi na miguu yako kwa pamoja, nawe viatu vyako vimefungwa kwenye pedali. Kiwango cha maji cha mito mikubwa hutangazwa kwenye intaneti siku hiyo hiyo katika nchi nyingi. Kiangalie asubuhi pamoja na upepo, na kumbuka kwamba mvua iliyonyesha juu mlimani juzi inaweza kukufikia leo jua likiwaka.

Mwili usiopumzika

Kwenye vilima, mteremko hukulazimisha kupumzika. Tambarare haikupi nafasi hiyo. Unakanyaga saa tatu mfululizo, umekaa vile vile, mikono pale pale, na kinachouma kwanza ni viganja na makalio kabla ya miguu. Nina kanuni ya dakika kumi: kila dakika kumi nasimama juu ya pedali kwa mizunguko ishirini, nikikaa tena nabadilisha mahali pa mikono. Gia usiifanye nzito kwa kuwa njia ni sawa. Mizunguko 85 hadi 95 kwa dakika hulinda magoti. Upepo wa mbele ukiongezeka, teremsha gia na uache mwendo upungue. Usiangalie kipima mwendo. Siku za upepo mimi nakifunika kwa kipande cha utepe na kusikiliza pumzi yangu.

Maji ya kunywa ni jambo la ajabu kwenye nchi hizi: umezungukwa na maji na huwezi kunywa hata tone. Vijiji viko mbali, miti hakuna, na kivuli pekee kwa kilomita 15 kinaweza kuwa kile cha daraja. Chupa mbili kubwa, zijazwe kila zinapofika nusu panapopatikana bomba. Miwani vaa mchana na jioni pia, yenye vioo vyeupe jua likizama, kwa sababu wadudu huinuka kutoka kwenye matete saa ile ile upepo unapolala, na mmoja akiingia jichoni kwenye mwendo wa 30, huoni mtaro.

Macho nayo hudanganywa. Kanisa kuu la mji wa Ely, kwenye nchi ile ile ya Ouse Washes, linaonekana kutoka mbali sana kwenye tambarare, kiasi kwamba wenyeji huliita meli. Unaliona, unadhani umefika, unamaliza chakula chako. Baada ya saa nzima liko pale pale. Chochote kirefu kinachoonekana mbele, iwe mnara au kinu cha upepo, kipime kwenye ramani kabla ya kukiamini.

Wenye mahali pao

Ardhi oevu ina wenyewe. Majira ya baridi bata maji wakubwa weupe hutoka Iceland hadi Welney, na kila wanaporushwa bure wakiwa wamepumzika wanapoteza nguvu walizozipata kwa kula. Baiskeli inayopita kwa mwendo mmoja, bila kelele, mara nyingi haiwashtui. Inayosimama ghafla juu ya tuta, mtu akishuka na kivuli chake kikasimama dhidi ya anga, inawarusha wote. Nikitaka kutazama, napita kwanza, nasimama chini ya tuta, naiegemeza baiskeli, kisha narudi kwa miguu nimeinama hadi macho tu yavuke ukingo. Nilikaa hivyo asubuhi moja karibu nusu saa, tumbo kwenye nyasi zenye umande, na bata mmoja alisafisha manyoya ya bawa moja unyoya kwa unyoya, akayakunja, akaanza la pili. Nafasi ya namna hiyo iweke kwenye ratiba yako. Ikiwa kilomita haziruhusu, punguza kilomita.

Ukirudi, safisha baiskeli siku hiyo hiyo. Matope ya mtoni ni laini kama unga. Yakikauka ndani ya cheni yanaisaga. Maji ya ndoo na brashi, usitumie bomba la kasi penye beringi. Kausha cheni kwa kitambaa, tia mafuta tone kwa tone kwenye kila pingili, futa ya ziada. Mwisho geuza baiskeli, zungusha kila gurudumu polepole chini ya taa, kidole cha gumba kikigusa mpira. Miba midogo na vipande vya mawe makali mara nyingi havitoboi siku ile. Hukaa, vikizama kila mzunguko. Vitoe kwa ncha ya bisibisi nyembamba, vihesabu, na vikizidi vitano kwa tairi moja, badilisha tairi kabla hujafungua ramani nyingine.